Sura ya Saba: Mama, Wewe Kaa Tu

Katika nyumba zetu, mapenzi kwa mzazi aliyezeeka huonekana kwanza kwa kumpokonya kazi. Jembe linafichwa. Ndoo inachukuliwa na mjukuu. Sufuria ikichemka jikoni, kuna msichana wa kuiepua. Anapoinuka kufuata kikombe chake cha maji, watu wawili wanaruka kumtangulia: "Mama, wewe kaa tu. Umetulea vya kutosha, sasa zamu yetu." Majirani wakiona hivyo wanasema yule mama amezaa watoto.

Kweli amezaa. Anayesema maneno hayo amelelewa vizuri, na sina nia ya kumfundisha ukali. Nataka aone kinachoendelea ndani ya mapaja ya mama yake wakati mama amekaa, kwa sababu hakionekani kwa macho. Huenda kikaendelea miaka mitano au kumi bila mtu kushtuka, mpaka asubuhi moja mama anashindwa kuinuka chooni, na familia nzima inasema: uzee umemwingia ghafla. Haukumwingia ghafla.

Kijana mwenye afya hubeba misuli ya viungo inayokaribia asilimia 40 ya uzito wake wote. Kuanzia umri wa miaka thelathini na kitu akiba hiyo huanza kupungua, taratibu mno mwanzoni, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Wazee wa Marekani waliofuatiliwa wakiwa katika miaka ya sabini walipoteza karibu asilimia 1 ya misuli kila mwaka. Nguvu zao zilishuka kwa kasi ya mara tatu hivi ya hiyo. Tofauti hiyo ni muhimu sana, nasi tutairudia: nguvu huondoka kabla ya nyama. Paja linaweza kuwa bado limejaa huku limekwisha kuishiwa uwezo.

Mwaka 1988 mtafiti wa Sweden, Jan Lexell, pamoja na wenzake walichapisha kazi ambayo hadi leo haijapitwa na wakati. Walichukua msuli mzima wa nje ya paja kutoka kwa wanaume 43 waliokuwa wazima kabla ya kufariki, mdogo akiwa na miaka 15 na mkubwa miaka 83, wakaukata vipande vyembamba na kuhesabu nyuzi zake. Waliona kwamba katika msuli huo upungufu huanza mapema zaidi, karibu na umri wa miaka 25, na kwamba mtu akifika 80 amepoteza kama asilimia 40 ya msuli ule. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na nyuzi zenyewe kutoweka, si kusinyaa tu. Mwaka huohuo, katika mkutano wa wataalamu huko Albuquerque, Marekani, daktari Irwin Rosenberg alilalamika kwamba hakuna badiliko la uzeeni linaloonekana wazi kuliko hili na bado halina jina. Akapendekeza liitwe sarkopenia. Marekani iliiingiza katika orodha yake rasmi ya maradhi mwaka 2016. Maana yake ni kwamba madaktari wengi wanaotutibu leo walimaliza masomo kabla hali hii haijahesabiwa kuwa ugonjwa.

Nyuzi hizo hutowekaje? Hapa inabidi tushuke hadi kwenye uti wa mgongo. Kila uzi wa msuli hupokea amri kutoka kwa neva, na neva moja huamrisha kundi zima la nyuzi. Uzeeni baadhi ya neva hizo hufa. Nyuzi zilizokuwa chini yake hubaki yatima, na kinachofuata kinafanana sana na kinachotokea katika ukoo: neva jirani iliyo hai hunyoosha tawi na kuwachukua yatima hao kuwalea. Huwachukua wengi, ila si wote. Wasiopata mlezi hukauka na nafasi yao hujazwa mafuta na tishu za kovu. Na waliochukuliwa hubadilika tabia, kwa kuwa neva zinazodumu zaidi ni zile za nyuzi za mwendo wa polepole. Uzi uliokuwa wa kasi ukilelewa na neva ya polepole, nao huwa wa polepole.

Nyuzi za kasi ndizo tunazozihitaji pale mguu unapojikwaa. Mtu akiteleza kwenye sakafu yenye maji, ana chini ya sekunde moja kupeleka mguu wa pili mbele na kujizuia. Kijana hufanya hivyo bila kufikiri. Mzee naye anajua la kufanya, ubongo wake unatoa amri ileile, ila mguu unafika umechelewa. Ndiyo maana unaweza kumkuta bibi anayetembea kilomita tatu kwenda kanisani bila kuhema, kisha akaanguka kwenye ngazi mbili za baraza na kuvunjika nyonga. Watu hushangaa: mbona alikuwa mzima? Alikuwa na nguvu za kwenda mbali. Nguvu za haraka zilikwisha kumtoka. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa mengi mengine, na mzee anayetembea asiache, lakini kutembea peke yake hakuimarishi nyuzi hizi. Zinahitaji mzigo.

Miji yetu imeongeza jambo jingine linalofunika yote haya, nalo ni unene. Mama anahamishwa kutoka kijijini kuja kuishi na mwanawe. Baada ya miaka miwili amenawiri, mashavu yamejaa, na kila mgeni anasema amependeza, anatunzwa. Mzani hauwezi kutofautisha kilo moja ya mafuta na kilo moja ya msuli. Inawezekana kabisa akawa ameongeza kilo nane za mafuta na kupoteza misuli ndani yake, na sasa miguu dhaifu zaidi inabeba mwili mzito zaidi. Si kuanguka tu kunakotishia hapo. Msuli ndio unaopokea sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu baada ya kula, na unapopungua, sukari inakosa pa kwenda. Kisukari cha ukubwani na udhaifu wa miguu mara nyingi hupiga hodi pamoja.

Basi mtu atajuaje? Kitaalamu kuna mashine za kupima, na kuna kifaa kidogo cha kukamua kwa kiganja kinachoonyesha nguvu ya mkono kwa kilo. Jopo la wataalamu wa Ulaya liliweka mpaka mwaka 2018: mwanamume asiyefikisha kilo 27, au mwanamke asiyefikisha kilo 16, ashukiwe. Mkono unashangaza kwa yale unayoyasema kuhusu mwili mzima. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2015 kutoka nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo, watu karibu 140,000 walikamua kifaa hicho kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Kila kilo 5 zilizopungua mkononi ziliendana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa.

Nyumbani hakuna kifaa hicho, wala hakihitajiki. Kipo kiti. Chukua kiti cha kawaida cha mbao, kiegemeze ukutani kisiteleze, mzee akae, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa mara tano mfululizo kwa kasi anayoiweza, nawe ukiwa karibu naye. Wataalamu haohao wa Ulaya wanasema akivuka sekunde 15, au akishindwa kumaliza, kuna tatizo. Zipo dalili nyingine ambazo hazihitaji saa wala kiti. Anashika kingo za meza kila anapoinuka. Hapandi tena daladala kwa sababu kidaraja kiko juu. Kifuniko cha chupa kinamshinda. Anavuka barabara na magari yanamfikia kabla hajafika upande wa pili. Mara nyingi mzee mwenyewe hasemi. Hupunguza safari tu, akasema sina haja ya kwenda huko.

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya niandike sura hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari Maria Fiatarone aliingia katika makao ya wazee mjini Boston na kuomba watu wa kujitolea. Aliwapata 10, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, dhaifu, wengi wakiwa na maradhi kadhaa kwa wakati mmoja. Aliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa mapaja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Uzito wenyewe haukuwa wa kubembeleza: ulipandishwa hadi asilimia 80 ya uzito mkubwa kabisa ambao kila mmoja angeweza kuuinua mara moja. Wakati huo madaktari wengi wangemwona kama anayecheza na roho za watu.

Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Narudia: watu wa miaka 90 waliongeza nguvu karibu mara tatu ya walivyoanza, kwa miezi miwili. Misuli yenyewe ilikua kwa asilimia 9 hivi, na wawili kati yao wakaacha bakora. Mwaka 1994 alichapisha matokeo ya kulirudia jambo hilo kwa wazee 100 wa makao yaleyale, safari hii akiwagawa: wapo waliofanya mazoezi, wapo waliopewa kinywaji cha lishe, wapo waliopewa vyote, wapo wasiopewa chochote kati ya hivyo. Waliofanya mazoezi walizidisha nguvu kwa asilimia 113, wakatembea kwa kasi zaidi na kupanda ngazi kwa nguvu zaidi. Kinywaji bila mazoezi hakikuwasaidia kitu kuhusu udhaifu wao.

Tazama wingi wa asilimia za nguvu na uchache wa asilimia za nyama. Nguvu nyingi zilirudi kwa sababu neva zilizobaki zilijifunza tena kuita nyuzi zilizokuwa zimelala. Uwezo ulikuwepo, haukuwa ukiitwa. Mtu akiniambia kwamba ujana ukienda haurudi, namkubalia katika mengi. Katika hili la kuinuka kitini bila kushikwa mkono, simkubalii.

Kuna ushahidi mwingine, na huu tunao hapahapa. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe wengine bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi ya porini. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao wakiandika nani anafanya nini na kwa muda gani. Walilokutana nalo liliwageuza fikra. Bibi ambao umri wa kuzaa ulikuwa umewapita walitumia saa nyingi zaidi kutafuta chakula kuliko wanawake vijana wenye watoto. Walichuchumaa na kuchokoa ardhi ngumu yenye mawe kwa mti uliochongwa ncha, wakitoa mizizi iliyolisha wajukuu, hasa mama alipokuwa amejifungua mwingine. Kutokana na hao bibi ilizaliwa nadharia inayojadiliwa hadi leo: huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi mwenye nguvu aliwaokoa wajukuu na njaa.

Mwaka 2020 watafiti wengine, wakiongozwa na David Raichlen, walitoa vipimo vya Wahadzabe waliovalishwa vifaa vya kurekodi mwendo. Wengi wetu tungedhani watu wa porini hawapumziki. Wanapumzika, tena karibu saa 10 kwa siku, muda unaolingana na wa watu wa mijini katika nchi tajiri. Tofauti iko kwenye namna ya kupumzika. Hutumia muda mwingi wamechuchumaa au wamepiga magoti, na katika mikao hiyo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi ndogondogo, ilhali kwenye kiti huzimika karibu kabisa.

Hakuna anayesema Wahadzabe hawazeeki, wala sitaki mtu atoke hapa akidhani shida ni dawa. Bibi wa kijijini anayebeba kuni na ndoo kila siku kwa uji mweupe na mchicha anachakaa. Mgongo unampinda, magoti yanamuuma, na misuli haijengeki kwa kazi isiyo na chakula. Kumwondolea mzigo wa aina hiyo ni haki yake. Kosa letu ni kuondoa mzigo wote kwa mara moja na kutorudisha kitu mahali pake.

Fikiria vitu vilivyotoweka katika nyumba moja ya pwani ndani ya kizazi kimoja. Mkeka wa kulia chakula umekuwa meza. Mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mtu aliikalia karibu na ardhi na kuinuka kwayo kila mlo, imekuwa nazi ya pakiti. Kigoda kimekuwa kochi. Choo cha kuchuchumaa kimekuwa choo cha kukaa. Kila badiliko kwa peke yake ni nafuu ya kweli, na kwa mwenye magoti mabovu choo cha kukaa ni rehema. Ukiyajumlisha, hata hivyo, mwanamke aliyekuwa akiinuka kutoka chini mara nyingi kila siku, bila kujua kwamba anafanya mazoezi, sasa hainuki kutoka chini hata mara moja. Na kochi la kisasa ni baya kuliko kiti cha mbao. Linammeza, magoti yanapanda juu ya nyonga, halafu wajukuu wawili wanamvuta mikono ili asimame, na yale mapaja yaliyopaswa kuifanya kazi hiyo yanapewa likizo nyingine.

Daktari wa Brazil, Claudio Gil Araújo, alifanya jambo hili kuwa kipimo. Aliwataka watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80 wakae sakafuni na kuinuka wakijitegemeza kidogo wawezavyo, akawapa alama kati ya sifuri na 10, kisha akawafuatilia kwa miaka sita hivi. Waliopata alama za chini kabisa walikufa kwa kiwango cha mara tano hadi sita ya waliopata za juu. Nilipoyasoma matokeo hayo niliwafikiria wazee wa Kiislamu wa mwambao wetu. Swala tano za siku zina rakaa 17 za faradhi na sijda 34. Mzee anayeswali kwa ukamilifu sakafuni anapitia kipimo cha Araújo alfajiri kabla hajanywa chai, na anakirudia hadi usiku. Mwenye udhuru ana ruhusa ya kuswalia kitini na hakuna wa kumlaumu. Namzungumzia yule ambaye bado anaweza, ila mjukuu mwema amemsogezea kiti.

Chakula nacho kina lake. Mwili wa mzee huwa mzito wa kusikia protini: kiasi kilichotosha kujenga msuli wa kijana hakitoshi kwake. Ushauri wa jumla kwa watu wazima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa wenye zaidi ya miaka 65, kundi la wataalamu waliokutana kwa ajili ya swali hili lilipendekeza mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2. Mzee wa kilo 60 anahitaji basi kati ya gramu 60 na 72. Linganisha na siku yake ya kawaida: chai ya rangi na maandazi asubuhi, wali na mchuzi mchana, uji jioni kwa sababu meno yamekwisha. Huenda hafikii nusu. Nyama ikipikwa, finyango anampa mtoto, na yeye anasema supu inamtosha.

Si lazima kitu cha gharama. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina karibu 15, na yakipondwa hayahitaji meno. Glasi ya maziwa au mtindi ina 8. Dagaa wakavu ni utajiri ambao hatuuheshimu: nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na wakisagwa unga huingia kwenye uji bila kugusa ufizi. Afadhali protini hiyo igawanywe kila mlo kuliko kurundikwa mchana peke yake. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze kitu kabla ya kuzungumza na daktari wake. Wengine, tuache kumpa mzee uji mtupu na kuuita chakula chepesi.

Kuhusu dawa naweza kuwa mfupi. Hadi ninapoandika hakuna kidonge kilichoidhinishwa kutibu sarkopenia.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kiti cha mbao. Mzee aliyeshindwa kusimama mara tano aanze kwa kiti kilichoinuliwa na mto, asimame mara chache anazoziweza, apumzike, arudie, siku mbili au tatu kwa wiki. Asibane pumzi wakati wa kuinuka. Akizoea, mto uondoke. Akizoea tena, ashike kidumu cha lita moja ya maji kifuani, ambacho ni kilo moja, baadaye cha lita tatu, na siku moja cha lita tano. Lazima iwe ngumu kidogo kila wakati, maana msuli haujibu kazi iliyokwisha kuwa rahisi. Kuinuka kwa vidole vya miguu huku ameshika fremu ya mlango kunasaidia mizani. Mwenye maumivu ya kifua, presha isiyotulia au aliyefanyiwa upasuaji karibuni aonane kwanza na daktari. Na asiache akiona nafuu: wale wazee wa Boston walipopumzishwa kwa wiki nne, walipoteza karibu theluthi ya nguvu zao.

Pahali pa hatari kuliko kochi ni kitanda cha hospitali. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya wazee wazima 12 waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo, wakila vizuri, bila ugonjwa wowote. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mgonjwa wa kweli, mwenye homa na asiyekula, hupoteza zaidi, na mara nyingi anarudi nyumbani malaria au nimonia imepona ila hatembei tena. Sisi ndugu tunaokaa pembeni ya kitanda hicho tuna nafasi ambayo muuguzi wa zamu, mwenye wodi iliyojaa, hana. Muulizeni daktari tangu siku ya kwanza: baba anaruhusiwa kukaa lini? Kusimama lini? Jibu likiwa ni leo, basi leo ale ameketi, aende msalani kwa miguu yake huku mmoja wenu akiwa ubavuni, na kila anayekuja kumjulia hali, badala ya kumwambia lala upumzike, amsaidie kusimama mara tatu kabla hajaaga.